Risala za Mwilini na Nuru Isiyoonekana

Mtu akiufunika mwanga wa kurunzi kwa vidole vyake gizani, huviona vikiwaka wekundu kama kaa, kwa kuwa katika rangi za nuru ni nyekundu ndiyo ipenyayo nyama na damu vyema zaidi ikatokeza upande wa pili. Na nuru iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo jicho la binadamu haliioni kabisa, hupenya zaidi ya hapo. Juu ya tabia hiyo ya nuru wataalamu wamejenga njia ya kuzisoma risala ambazo seli za mwili hupelekeana.

Mjumbe mmojawapo ni dopamini, ambayo Arvid Carlsson wa Uswidi alidhihirisha katika miaka ya 1950 kuwa ina kazi yake yenyewe katika ubongo, na ambayo ikiadimika kwa kufa seli ziitengenezazo, mkono wa mgonjwa hutetemeka hata anapoupumzisha pajani. Kuipima dopamini kulikwisha kuwezekana zamani. Lililobaki kuwa zito ni kujua imetoka hasa wapi na lini, maana hutolewa kwa kiasi kidogo mno, kisha hufyonzwa ikatoweka upesi.

Chombo kilichopatikana ni neli ya kaboni, kaboni ile ile iliyomo katika masizi ya koroboi na risasi ya penseli, ila hapa imejikunja kama mkeka uliobiringishwa, ikawa bomba lenye upana wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Richard Smalley, Bruce Weisman na wenzao walibainisha kwamba neli hizo, zikitenganishwa moja moja zisishikamane, zikimulikwa hutoa nuru ya ng'ambo ya nyekundu. Wala hazichujuki, ilhali rangi nyingi za maabara hufifia kwa kumulikwa.

Baadaye, huko MIT, Sebastian Kruss, Michael Strano na wenzao waliona kwamba neli iliyovikwa uzi wa DNA, ambao herufi zake G na T zimepokezana mara 15, huzidi kung'aa inapoguswa na dopamini. Wakazitandaza neli hizo juu ya kioo, wakaziweka seli hai juu yake, na kamera ikaonyesha ni pembe gani ya seli iliyotoa dopamini: jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo uzito wote wa kazi hii. Mwaka 2019 Markita Landry na wenzake wa Berkeley wakatangaza kuwa wameuona mwako kama huo katika vipande vya ubongo wa panya.

Ipo ila moja isiyofaa kupitwa kimya. Noradrenalini, ndugu wa dopamini, nayo huing'arisha neli hiyo hiyo. Vipande vya Berkeley vilitoka katika striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo ambamo dopamini imejaa na nduguye ni haba. Kwingineko, mwako huo ungemwacha mtazamaji na shaka ni mjumbe gani kati ya hao wawili aliyebisha hodi.