Kabla ya kuitupa anshi ya klarineti

Katika fanfari nyingi za makanisa yetu, klarineti ndiyo chombo kinacholaumiwa kuliko vyote. Tarumbeta ikikosea, watu husema mpigaji bado hajazoea. Klarineti ikipiga ukelele katikati ya wimbo, watoto wanacheka, wazee wanageuka kutazama, na kijana aliyeishika anatamani ardhi ipasuke immeze. Tunawajua vijana walioiacha kwa sababu ya aibu ya namna hiyo. Mara nyingi kosa halikuwa la vidole vyao. Lilikuwa kwenye kile kijiti chembamba kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti, ambacho wapigaji wetu, kwa kufuata Kifaransa, huita anshi.

Anshi ni kipande cha tete. Si tete la kando ya ziwa Kivu au Tanganyika, ingawa kwa macho linafanana nalo. Ni mmea uitwao Arundo donax, na ule unaosifiwa zaidi hulimwa jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Kwa kuwa ni mmea, hakuna anshi mbili zilizo sawa, hata zikiwa za pakiti moja. Mpigaji anayefungua pakiti ya kumi hufurahi akipata tatu au nne zinazolia vizuri papo hapo. Zilizobaki wengi huzitupa. Kwetu, ambako pakiti hiyo imengojewa miezi mpaka mtu atoke Kigali, Kampala au Nairobi, huo ni upotevu mkubwa. Nyingi za hizo zinazotupwa zinaweza kurekebishwa kwa kipande cha kioo, msasa mwembamba na subira.

Tuanze na namba iliyoandikwa mgongoni. Wengi hudhani inaonyesha unene. Sivyo: anshi za aina moja huchongwa kwa kipimo kimoja, kisha hupangwa kulingana na ugumu wa tete lenyewe. Anayeanza apewe 2 au 2½. Tumeona viongozi wa fanfari wakiwapa wanafunzi namba 3½ ili “wapate nguvu”, na watoto wanapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hapo hakuna kitakachorekebishwa kwa msasa. Badilisheni namba.

Kabla ya kukwangua chochote, tazama jinsi anshi ilivyokaa. Iloweshe dakika moja au mbili katika maji safi, kwa sababu anshi kavu haisemi ukweli. Ifunge katikati kabisa, ncha yake ikiwa sawa na ncha ya mdomo wa klarineti. Ikiwa nzito kupuliza, ishushe kidogo sana, kama upana wa unywele. Ikiwa laini mno, ipandishe kiasi hichohicho. Unywele huo mmoja hubadilisha sauti kuliko wengi wanavyoamini, na haugharimu hata franga moja.

Kama bado inasumbua, geuza upande wa bapa, ule unaolala juu ya mdomo wa klarineti. Unapaswa kuwa sawa kama kioo. Anshi ikiloweshwa na kukauka mara nyingi, hasa wakati wa kiangazi, upande huo huvimba au kujikunja, na hewa hupenya pale isipotakiwa. Weka msasa wa namba 400 au 600 juu ya kioo, lala anshi juu yake, bonyeza upande wa kisigino, sogeza taratibu mara chache. Ncha usiibonyeze, kwa maana unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa njia, jina msasa ni la mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na mafundi wa zamani walilainishia mbao. Kazi yetu hii si ngeni kama inavyoonekana.

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa, ambalo ni pande mbili za anshi kutolingana. Ikiwa upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, anshi haitikisiki kwa pamoja, na hapo ndipo ule ukelele hupata nafasi. Inyanyue kwanza kwenye mwanga wa dirisha, ncha ikiwa juu. Utaona kivuli mfano wa V iliyogeuzwa. Je, mikono yake miwili inafanana? Jicho linasaidia, lakini hakimu wa kweli ni sikio. Piga sol bila kufunika tundu lolote. Kisha zungusha klarineti kidogo mdomoni, mdomo wa chini ukandamize upande mmoja wa anshi na kuacha mwingine huru. Piga tena. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Upande ambao ukiachwa huru unakataa kulia, au unalia kwa kukwama, ndio mnene.

Weka alama kwa kalamu ya risasi, maana ukiitoa utasahau ni upi. Lala anshi juu ya kioo, kunja kipande kidogo cha msasa, pitisha upande ule tu, kutoka mabegani kuelekea ncha, wala usirudishe nyuma, kwani utaivunja ncha. Mapito matatu au manne, mepesi kama mtu anayefuta vumbi. Rudisha, jaribu. Kipande cha katikati, kinachoitwa moyo, usikiguse. Moyo ukiisha, sauti nayo imeisha. Na kilichokwanguliwa hakirudi. Makosa yote tuliyofanya sisi wenyewe katika kazi hii yalikuwa ya kukwangua mara kumi pale palipohitaji mara tatu.

Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya maneno yasiyoeleweka (1 Wakorintho 14:7), alichukua mfano wa filimbi na kinubi visivyotofautisha sauti. Tunadhani alikuwa amekwisha kusikia wapigaji wabaya.

Anshi mpya isipigwe ibada nzima siku ya kwanza. Dakika tano hadi kumi zinatosha, siku ya pili uongeze kidogo. Anayezungusha anshi tatu au nne kwa zamu, zote hudumu zaidi. Baada ya ibada ifute, iweke kwenye kitu bapa ikauke. Ikiachwa imefungwa mpaka mazoezi ya Jumatano, itapata ukungu. Na ukinywa chai ya sukari kabla ya kupiga, suuza kinywa kwanza.

Limebaki jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza. Klarineti moja hutumiwa na vijana wawili au watatu, na anshi hupita kinywa kwa kinywa. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, tulinawa mikono mlangoni mwa kanisa na tukaacha kusalimiana kwa mkono. Tangu hapo mpox imepita pia. Lakini mate ya mtu yangali yakienda kwa mwenzake kupitia anshi. Kila kijana awe na yake, jina limeandikwa kwenye kisigino. Mdomo wa klarineti uoshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kabla ya kubadilishana. Maji ya moto huuharibu. Fanfari yenye vijana watatu na anshi mbili nzuri irekebishe ya tatu kwanza, na mazoezi yaanze dakika kumi baadaye.