Somo la Redio: Sindano ya Ng'ombe na Miti ya Serengeti

Sogeeni karibu na redio. Msimamizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano, kila moja chini ya jingine: sotoka, nyumbu, nyasi, moto, miti. Wanaoanza kusoma wayasome polepole. Leo tutaona jinsi neno la kwanza lilivyoligusa neno la mwisho.

Elimu ya namna viumbe wanavyotegemeana, na wanavyotegemea ardhi na mvua, huitwa ekolojia. Jina ni geni, lakini mfugaji anayehamisha ng'ombe ili malisho yapate kupumzika amekwisha kuijua.

Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe. Mnyama hutokwa na machozi na kamasi, mdomo hufanya vidonda, huharisha, kisha hufa. Uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukamaliza ng'ombe wa Wamasai na wa watu wengine wengi, hata njaa kubwa ikafuata. Nyati na nyumbu nao walikufa. Kwa miaka mingi baadaye ugonjwa ulirudi kwa ndama wa nyumbu. Maziwa ya mama huwakinga ndama kwa miezi michache tu. Kinga hiyo ilipokwisha, wengi walikufa.

Watu walidhani kwamba wanyama wa porini ndio waliotunza ugonjwa na kuwaambukiza ng'ombe. Mimi siwalaumu. Ukimwona nyumbu mgonjwa karibu na zizi lako, utafikiri nini? Basi, katika miaka ya 1950 mabwana mifugo wakawachanja ng'ombe wa kandokando ya Serengeti. Nyumbu hawakuchanjwa. Lakini kufika mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu pia. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu!

Sasa sikilizeni hesabu. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Mwaka 1977 walikuwa zaidi ya 1,300,000. Labda mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, si mvua tu hiyo?" Swali zuri. Mvua nzuri za miaka ya 1970 zilisaidia, ni kweli. Lakini mtazameni punda milia. Yeye hula nyasi katika mbuga ile ile, na mvua ile ile humnyeshea. Ila hacheui kama ng'ombe, na sotoka haimshiki. Idadi ya punda milia haikupanda kama ya nyumbu. Kwa hiyo tunajua kwamba sababu kubwa ilikuwa kuondoka kwa ugonjwa.

Wanyama milioni moja na zaidi hula nyasi nyingi sana. Zamani, wakati wa kiangazi, nyasi ndefu zilikauka, na moto ukaunguza sehemu kubwa ya mbuga. Miche ya migunga ikafa kabla ya kufika kimo cha mtu. Nyumbu walipoongezeka, nyasi zikaliwa zikabaki fupi, na moto ukakosa cha kuunguza. Miche ikapona, ikawa miti. Msidhani habari yote ni nyepesi hivyo, maana tembo nao huangusha miti. Hata hivyo, miti michanga iliongezeka katika sehemu nyingi za Serengeti, na bwana mifugo mwenye sindano yake hakuwa na habari kwamba anapanda miti.

Simba na fisi pia waliongezeka, kwa kuwa nyama ilikuwa tele. Na sotoka yenyewe? Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani kote.

Sasa zimeni redio, mtazame ubao. Tuseme nyumbu wa Serengeti wamepungua tena wakabaki wachache. Ni neno gani ubaoni litakalobadilika kwanza, na lipi litafuata? Zungumzeni wawili wawili. Kisha kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi mbili, amsomee jirani yake.