Usalama wa hifadhidata katika mtandao wa umma

MNAMO Januari 25, 2003, programu haribifu iliyopewa jina Slammer ilivamia takribani seva 75,000 kote ulimwenguni, nyingi zikinaswa katika dakika kumi za kwanza. Nchini Marekani, maelfu ya mashine za kutolea pesa za Bank of America zilishindwa kuwahudumia wateja.

Slammer ilipenyeza kwenye kasoro ya SQL Server, programu ya kuendesha hifadhidata, yaani maghala ya kumbukumbu za kielektroniki. Cha kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa tiba ya kasoro hiyo Julai 2002, lakini wengi hawakuitumia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Miaka 14 baadaye, hali ilikuwa mbaya zaidi. Januari 2017, wahalifu walifuta kumbukumbu katika maelfu ya hifadhidata za MongoDB, kisha wakaacha ujumbe wa kudai fidia kwa sarafu ya Bitcoin. Hawakuhitaji kuvunja mlango, kwani hifadhidata hizo zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja na intaneti bila hata neno siri. Baadhi ya waliolipa hawakurejeshewa chochote.

Kanuni ya kwanza basi ni kuhakikisha kuwa hifadhidata haifikiwi moja kwa moja na umma. Mwananchi anapofungua tovuti ya hospitali au ya chama cha akiba na mikopo, anapaswa kuwasiliana na seva ya tovuti pekee. Seva hiyo ndiyo inayoruhusiwa kuiuliza hifadhidata, ambayo huwekwa kwenye mtandao wa ndani. Ni sawa na benki, ambapo mteja huhudumiwa na karani dirishani bila kuingia katika chumba cha kuhifadhia fedha.

Pili, karani huyo asikabidhiwe funguo zote. Iwapo kazi ya tovuti ni kuonyesha matokeo ya mtihani, akaunti inayoitumia iruhusiwe kusoma tu, wala si kubadilisha au kufuta.

Tatu, maneno anayoandika mgeni kwenye fomu yasichukuliwe kuwa amri. Mdukuzi huweza kuandika amri mahali palipotengewa jina lake, nayo hifadhidata ikaitii. Waundaji wa programu huzuia hila hii kwa kutenganisha amri yenyewe na maelezo yanayojazwa.

Aidha, msimamizi anayefanya kazi akiwa mbali apitie njia iliyosimbwa, ili maneno siri yasinaswe yakiwa safarini. Vilevile, nakala za akiba zitengwe na mtandao, na zijaribiwe mara kwa mara kuona kama kweli zinaweza kurejeshwa.

Humu nchini, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalitaka shirika linalogundua kuwa data za watu zimedukuliwa, na kwamba wenyewe wamo hatarini, limjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72.

Hata hivyo, taarifa hiyo hutolewa maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Kumbukumbu zilizofutwa zaweza kurejeshwa kutoka kwa nakala ya akiba, lakini mgonjwa ambaye maradhi yake yameanikwa hadharani hawezi kurejeshewa siri yake.