Sura ya Tano: Mtoto Asiyetajwa Mahakamani

Nchini Marekani, mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji hufungua shauri mahakamani, na hati anazowasilisha hutaja anwani ya nyumba, jina la mtu mzima aliyetia saini mkataba na, mara nyingi, kiasi cha kodi kinachodaiwa. Watoto wa nyumba hiyo kwa kawaida hawatajwi, ingawa amri ya kuhama ikitolewa nao watatoka pamoja na wazazi wao na huenda wakaiacha shule na zahanati waliyoizoea. Hospitali kwa upande wake huandika uzito, chanjo na maradhi ya mtoto, bila kujua kwamba familia yake ina shauri mahakamani. Kila daftari lina nusu ya habari, na njia ya kuzikutanisha nusu hizo huitwa uunganishaji wa kumbukumbu.

Kazi hii ni nyepesi pale ambapo kila mtu ana namba moja inayotumika katika ofisi zote za umma, kama ilivyo nchini Sweden tangu 1947. Mahali pasipo na namba hiyo, watafiti hulinganisha majina, tarehe za kuzaliwa na anwani, kisha hukadiria uwezekano kwamba kumbukumbu mbili ni za mtu mmoja. Katika nadharia iliyoandikwa na Ivan Fellegi na Alan Sunter mwaka 1969, jina adimu linapofanana pande zote mbili hupewa uzito mkubwa kuliko jina lililozagaa, kwa kuwa ni vigumu lifanane kwa bahati tu. Hata hivyo, familia inayohamahama huacha anwani nyingi, na kwa sababu hiyo watoto wenye shida kubwa zaidi ndio wanaoweza kupotea kwa urahisi katika hesabu.

Mfano mzuri unatoka katika jimbo la Georgia, ambako Gracie Himmelstein na Matthew Desmond waliunganisha mashauri ya kuwahamisha wapangaji na kumbukumbu za vizazi za miaka 2000 hadi 2016, wakachunguza zaidi ya vizazi 88,000. Kwa kuwa umaskini wenyewe hudhuru afya, hawakuwalinganisha akina mama hao na matajiri, bali waliwalinganisha waliofunguliwa shauri wakiwa wajawazito na wenzao waliolipata wakati mwingine wa maisha yao. Watoto wa kundi la kwanza walizaliwa wakiwa na uzito pungufu kwa wastani wa gramu 27 hivi, tofauti inayoonekana ndogo kwa mtoto mmoja lakini inayoongeza idadi ya wanaozaliwa chini ya gramu 2,500, kiwango ambacho chini yake hatari ya maradhi na kifo huongezeka. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2023, uliounganisha mashauri kama hayo na takwimu za sensa ya Marekani, ulikadiria kwamba watu milioni 7.6 hukabiliwa na tishio la kuhamishwa kila mwaka, na milioni 2.9 kati yao ni watoto.

Taarifa hizi ni nyeti, kwani mwenye nyumba akiliona shauri la zamani anaweza kumnyima mpangaji chumba. Huko Wales, hazina ya takwimu ya SAIL iliyoko Chuo Kikuu cha Swansea hutenganisha mambo tangu mwanzo: majina hupelekwa kwa chombo kinachoaminika, ambacho huyabadilisha kuwa namba za siri, na taarifa za afya hupelekwa peke yake, hivyo mtafiti hukutana na namba tu.

Ulinzi huo ni sharti la kazi yenyewe, kwa maana familia iliyokwisha kupoteza nyumba haipaswi kupoteza pia siri zake. Ukizingatiwa, matokeo yanaonyesha jambo ambalo watunga sera hawana haki ya kulipuuza: ikiwa madhara huanza mtoto akiwa bado tumboni, basi msaada wa kodi na wa mwanasheria unapaswa kumfikia mama kabla ya siku ya shauri, na kliniki ya wajawazito ni mahali panapofaa kumuuliza kama nyumba yake iko salama.