Siasa Inapogeuka Suala la Imani

Katika teolojia ya Kikristo, maswali mengi ya siasa na uchumi huachiwa dhamiri ya muumini. Kiwango cha kodi, chama cha kupigia kura, mgawanyo wa madaraka kati ya serikali kuu na mikoa: waumini wawili wanaweza kubishana juu ya hayo wiki nzima, na Jumapili wakashiriki Meza ya Bwana pamoja bila hatia. Hata hivyo, makanisa ya Kilutheri na ya Kireformati, yaani yale yanayofuata mapokeo ya John Calvin, yana fundisho kwamba zipo nyakati ambapo uhuru huo hukoma. Jambo la kijamii linaweza kufika mahali ambapo kulinyamazia ni kuikana Injili. Wanateolojia huiita hali hiyo kwa Kilatini *status confessionis*, yaani hali ya ungamo.

Chimbuko lake ni ugomvi wa karne ya 16 kuhusu ibada na mavazi ya makasisi. Mwaka 1548, baada ya kuwashinda vitani wakuu wa Kiprotestanti wa Ujerumani, Kaisari Karl V aliwaamuru Walutheri warudie desturi kadhaa za Kikatoliki walizokuwa wameziacha. Philip Melanchthon wa Wittenberg, mrithi wa Martin Luther, aliona kwamba mambo ya nje yangeweza kukubaliwa ili mafundisho ya msingi yanusurike. Matthias Flacius, aliyehamia Magdeburg, alipinga. Kwa maoni yake joho jeupe si dhambi wala si wema, lakini likivalishwa kwa nguvu ya dola ili kuonyesha kwamba Matengenezo yameshindwa, kulivaa ni kusalimu amri. Mwaka 1577 hati ya Walutheri iitwayo Mfumo wa Maafikiano iliuelekea msimamo huo: wakati wa mateso, hata jambo lisilo la lazima kwa imani halipaswi kukubaliwa endapo kulikubali kutaificha kweli.

Kwa karne tatu na nusu fundisho hilo lilibaki zaidi vitabuni. Aliyelirudisha katika mjadala wa kisiasa ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji na mwanateolojia wa Berlin. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Adolf Hitler ilitunga sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Bonhoeffer, akiwa na umri wa miaka 27, aliandika insha kuhusu wajibu wa kanisa mbele ya dola ya namna hiyo, akitaja hatua tatu. Kwanza, kanisa liiulize serikali kama matendo yake yamo ndani ya mamlaka halali ya dola. Pili, liwahudumie walioumizwa, wawe wamebatizwa au hawakubatizwa. Tatu, ikibidi, lisiishie kuwafunga majeraha waliosagwa na gurudumu, bali lilizuie gurudumu lenyewe. Insha hiyo ilibeba pia mawazo ya zamani ya Kikristo yaliyowadhalilisha Wayahudi, lakini ilisema wazi kwamba dola ikilazimisha waumini wenye asili ya Kiyahudi watengwe na makanisa yao, hali ya ungamo imefika.

Haikuchukua muda. Septemba mwaka huohuo sinodi ya kanisa la Prussia, lililokuwa kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini Ujerumani, iliingiza kanuni kama hiyo ya ukoo katika sheria zake: mchungaji mwenye asili ya Kiyahudi, au aliyeoa mwenye asili hiyo, hakuwa na nafasi. Martin Niemöller alianzisha umoja wa wachungaji wa kuipinga, na Mei 1934 wajumbe 139 wa makanisa ya Kilutheri, ya Kireformati na ya Muungano (yaliyounganisha mapokeo hayo mawili) walikutana katika mji wa Barmen. Tamko lao, lililoandikwa hasa na Karl Barth, lilikataa kwamba kanisa linaweza kumtambua bwana mwingine wa imani yake kando ya Yesu Kristo. Lakini halikuwataja Wayahudi hata mara moja. Mwaka 1967 Barth mwenyewe alikiri kwamba kutolifanya suala hilo kuwa la msingi lilikuwa kosa lake.

Kusini mwa Afrika fundisho hili lilikutana na ubaguzi wa rangi uliokuwa umeanzia kanisani kabla ya kuwa sera ya serikali. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kiholanzi katika koloni la Cape ilijadili malalamiko ya Wazungu waliokataa kushiriki Chakula cha Bwana pamoja na waumini wasio Wazungu. Sinodi ilikiri kwamba Maandiko yanataka ushirika mmoja, kisha ikaruhusu ibada za kutengana kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee la Machotara, na kilichoanza kama ruhusa kikaja kutetewa kuwa mpango wa Mungu.

Jibu kubwa la Walutheri lilitolewa Dar es Salaam. Juni 1977, mwaka mmoja baada ya mauaji ya wanafunzi waandamanaji huko Soweto, Afrika Kusini, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita mjini humo, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza kutoka Afrika. Miongoni mwa waliosukuma hoja ya Afrika Kusini alikuwa mwanateolojia Manas Buthelezi. Tamko la mkutano lilianza kwa kukubali kwamba kwa kawaida Wakristo wanaweza kutofautiana kisiasa. Likaendelea kwamba mfumo wa utawala unaweza kupotoka kiasi kwamba ungamo la imani lenyewe linadai ukataliwe, na kwamba hali ya kusini mwa Afrika imefikia hapo. Makanisa ya Wazungu yaliombwa yaukatae ubaguzi hadharani bila kuuma na kupuliza. Mwaka 1984, mkutano wa Budapest ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu yaliyoshindwa kufanya hivyo. Tayari mwaka 1982 mkutano wa Kireformati wa Ottawa ulikuwa umetamka kwamba kuutetea ubaguzi kwa Biblia ni uzushi, na ukayasimamisha makanisa mawili ya Makaburu.

Mifano hiyo inaonyesha masharti manne. La kwanza, kinachoshambuliwa kiwe kiini cha Injili, si maslahi ya kanisa wala sifa za viongozi wake. Ubaguzi uligusa kiini kwa sababu uliifanya rangi ya ngozi kuwa na nguvu kuliko ubatizo. La pili, kanisa lenyewe liwe limehusika. Tamko halielekezwi kwa watawala peke yao, huanza na waumini wanaowaunga mkono au wanaonyamaza. La tatu, maonyo yawe yametangulia. La nne, mlango wa kurudi ubaki wazi, kwa kuwa lengo ni toba.

Masharti haya ndiyo yanayolizuia fundisho lisigeuzwe kuwa silaha ya kampeni. Askofu anayekiita chama fulani adui wa imani kwa sababu kimepunguza ruzuku ya shule za kanisa hajafikia hali ya ungamo. Hata madai mazito yameleta ubishi. Mwaka 1982 Wareformati wa Ujerumani walitangaza kwamba silaha za nyuklia ni suala la ungamo, na Wakristo wengi walioamini kwamba silaha hizo zinazuia vita hawakukubali. Kuhusu uchumi wa dunia, Wareformati duniani walichukua njia ya polepole zaidi. Mwaka 1997, mjini Debrecen, walianzisha mchakato wa kuutambua na kuuungama udhalimu wa kiuchumi, na mwaka 2004 wakatoa Ungamo la Accra. Wajumbe wake walikuwa wamezuru ngome ya Elmina katika pwani ya Ghana, ambako Waholanzi walisali katika chumba kilichokuwa juu ya mahabusu ya watumwa.

Sharti la mlango wazi nalo limepimwa kwa vitendo. Novemba 1990, katika mkutano wa makanisa huko Rustenburg, Afrika Kusini, mwanateolojia Willie Jonker aliungama dhambi ya ubaguzi kwa niaba yake na ya Kanisa la Kireformati la Kiholanzi. Mwaka 1998, miaka 16 baada ya Ottawa, kanisa hilo, mojawapo ya yale mawili yaliyosimamishwa huko, lilirudishiwa uanachama wake.