Kunduchi: Kijiji cha kale kilichogeuka mtaa wa jiji

Msafiri anayetoka katikati ya Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo hupita Mwenge, Mbezi na Kunduchi bila kuona mahali jiji linapokoma. Nyumba zimeungana, maduka yamepangana barabarani. Ni rahisi kudhani kwamba yote haya ni matawi ya mji mmoja uliokua kutoka bandarini. Kumbe Kunduchi ni mkubwa wa mji huo kwa umri.

Ushahidi ungali umesimama. Katika magofu ya Kunduchi kuna mabaki ya msikiti wa mawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, pamoja na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, kando ya Mzizima, kijiji cha wavuvi ambacho ndicho cha kwanza kumezwa na mji huo.

Wenyeji wa Kunduchi waliishi kwa bahari na shamba. Wanaume walivua kwa ngalawa na mashua. Nchi kavu ilikuwa minazi, mikorosho na mihogo. Kisha jiji likaanza kuja. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza kazi Wazo, jirani kabisa, na hoteli za kitalii zikajengwa ufukweni. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 jijini. Ile ya 2022 ilikuta 5,383,728 mkoani. Watu hao walihitaji mahali pa kulala, na mashamba yakakatwa viwanja. Upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Tegeta, uliozinduliwa mwaka 2014, ulizidi kuipandisha bei ardhi.

Bahari nayo haikusalimika. Mchanga wa kujengea nyumba ulichotwa kwenye mito ya Tegeta na Mbezi, ambayo ndiyo huulisha ufukwe. Mchanga ulipopungua, mawimbi yakaanza kuila pwani ya Kunduchi.

Lakini badiliko zito zaidi halionekani kwa macho. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo husimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Kijiji kikishakuwa mtaa, nguvu hiyo huondoka. Serikali ya mtaa hushuhudia mauziano na kusuluhisha majirani, lakini haina mamlaka ya kugawa ardhi. Mkulima ambaye jana alikuwa na sauti mkutanoni, leo anangoja kuitwa kupokea fidia.

Vijiji vya Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo sasa vimefikiwa na wimbi hilohilo. Visisubiri. Wanakijiji wapime mipaka yao mapema, wachukue hati za hakimiliki ya kimila, watenge makaburi, visima na njia za kwenda pwani kabla dalali hajabisha hodi. Halmashauri za wilaya ziwasaidie kupima kwa gharama wanayoimudu. Jiji litakuja tu. Haki ya mwenyeji ni kulipokea akiwa na hati mkononi.