Seoul au Busan: kwa anayekwenda kuishi, si kutembea

Vijana wa Afrika Mashariki waliopata nafasi ya kusoma au kufanya kazi Korea Kusini huuliza sana swali hili: nikae Seoul au Busan? Wanaowajibu wengi hujibu kitalii. Seoul ina majumba ya kifalme na maduka yasiyolala, Busan ina ufukwe na upepo wa bahari. Ni kweli, lakini majibu hayo hayamsaidii mtu atakayelipa kodi ya chumba kila mwezi kwa miaka miwili au mitatu. Huyo anataka kujua pesa yake itafika wapi, ataswali au atasali wapi, atakula nini, na akimaliza masomo nani atamwajiri.

Nchi yenyewe ni ndogo. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 100,000, yaani Tanzania ingeimeza mara tisa, na watu wake wanakaribia milioni 52. Zaidi ya nusu yao wamejazana Seoul, Incheon na mkoa wa Gyeonggi unaoizunguka miji hiyo, kwenye kona ya kaskazini-magharibi. Seoul peke yake ina watu zaidi ya milioni 9. Busan, jiji la pili, liko ncha ya kusini-mashariki likitazamana na Japani, na lina watu kama milioni 3.3. Katikati yao ni kilometa 400 hivi. Treni ya mwendokasi, KTX, ilianza mwaka 2004 na huzimaliza kwa saa mbili na nusu au zaidi kidogo, kwa nauli isiyofika won 60,000. Aliyepanda treni ya umeme ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma amekwisha kuonja: imeundwa na Hyundai Rotem, kampuni ileile inayounda treni za KTX za kizazi cha sasa.

Kwa hiyo wapo wanaosema miji hii ni jirani, chagua wowote. Mimi sikubaliani nao. Mtu wa Seoul huenda Busan akitaka kupumzika, lakini mtu wa Busan huenda Seoul kwa lazima. Balozi za Tanzania na Kenya ziko Seoul. Pasipoti ikikaribia kuisha, hati ikihitaji mhuri, usaili wa kampuni ukiitishwa, mkaaji wa Busan hukata tiketi ya kwenda na kurudi, na nauli hiyo si mbali na won laki moja na ishirini elfu kabla hajanywa hata chai. Hata safari ya nyumbani ni vivyo hivyo. Ndege za kutoka Addis Ababa, Doha na Dubai hutua Incheon. Uwanja wa Gimhae wa Busan huhudumia zaidi safari za ndani na za miji ya Asia.

Sasa kodi ya chumba, ambako ndiko hesabu yote inapoanzia. Wakorea wana utaratibu wao wa kupanga uitwao jeonse: unamkabidhi mwenye nyumba pesa nyingi kwa mkupuo, pengine zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, unakaa miaka miwili bila kulipa kodi, kisha anakurudishia zote. Mgeni mwanafunzi hana ubavu huo, na hata Wakorea wenyewe wamelizwa na matapeli wa jeonse miaka ya karibuni. Mgeni hupanga kwa wolse, kodi ya kila mwezi, lakini nayo ina dhamana yake. Chumba cha kujitegemea karibu na vyuo vikubwa vya Seoul kitakutaka won milioni 10 za dhamana, au milioni 5 ukibahatika, na juu yake kodi inayozunguka laki sita kwa mwezi. Busan chumba cha aina hiyo hushuka hadi laki nne au chini yake, na dhamana pia hupungua. Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo, kwa sababu mapato hayabadiliki ukihama jiji. Kima cha chini cha mshahara ni kimoja nchi nzima; mwaka 2025 kilikuwa won 10,030 kwa saa. Posho ya ufadhili wa serikali ya Korea, ule wa GKS, nayo ni ileile uwe Seoul au mkoani. Chai na wali wa mgahawani bei zake zinakaribiana. Kinachokula posho ya mtu wa Seoul ni kuta nne.

Asiye na dhamana huishia gosiwon. Hivi ni vyumba vilivyobuniwa kwa watahiniwa wa mitihani ya serikali, siku hizi wanakaa humo maskini, wazee na wageni. Fungua mlango: kitanda kimeegemea ukuta, miguu yako ukilala inaingia chini ya meza, juu ya meza kuna friji ndogo na rafu ya vitabu. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Dirisha ni la kulipia zaidi, na mara nyingi linafunguka kwenye korido. Jiko ni la wote, na mwenye nyumba huweka wali na kimchi bure. Hakuna dhamana kubwa wala mkataba wa mwaka, ndiyo maana wageni wengi huanzia hapo. Ngazi inayofuata kwa juu ni banjiha, chumba kilichozama nusu ardhini, ambacho filamu ya Parasite ya mwaka 2019 ilikifanya kijulikane dunia nzima. Mvua kubwa ya Agosti 2022 iliwaua watu ndani ya vyumba hivyo huko Seoul. Dalali akikupeleka kwenye chumba cha bei poa ambacho dirisha lake linaonyesha viatu vya wapita njia, kumbuka kwamba masika ya huko, wanayoiita jangma, huanza mwishoni mwa Juni.

Hadi hapo utadhani Busan imekwisha kushinda. Ngoja tufike kwenye ajira.

Miaka ya tisini Busan ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3.8. Imekuwa ikipungua tangu wakati huo, na wanaoondoka ni vijana wanaofuata makao makuu ya makampuni kule Seoul na vitongoji vyake. Mwaka 2021 Busan ikawa ya kwanza kati ya majiji makubwa ya nchi ambako mtu mmoja kati ya watano ana miaka 65 au zaidi. Wakorea wamelitania jiji hilo kwa jina la riwaya ya Hemingway, kwamba kilichobaki huko ni mzee na bahari. Serikali inajaribu kuzuia. Rais Lee Jae-myung, aliyeingia madarakani Juni 2025, aliagiza Wizara ya Bahari na Uvuvi ihamie Busan. Kabla yake jiji lilipigania kuandaa maonyesho ya dunia ya Expo 2030, likabwagwa na Riyadh kwa kura 119 dhidi ya 29. Kwa hiyo mwanafunzi wa kompyuta, biashara au uhusiano wa kimataifa anayetaka kubaki Korea baada ya shahada ajue kwamba akisoma Busan huenda akaungana na msafara uleule wa vijana wa Busan wanaopanda KTX na mabegi yao.

Lakini mtu wa bahari ni habari nyingine. Bandari ya Busan ni miongoni mwa bandari kubwa kumi za kontena duniani, inapitisha zaidi ya kontena milioni 20 kwa kipimo cha futi 20 kila mwaka, na zaidi ya nusu hushushwa meli moja zikapandishwa nyingine bila kuingia Korea kabisa. Jiji hilo lina Chuo Kikuu cha Bahari cha Korea, na lina Pukyong, chuo kinachosifika kwa elimu ya uvuvi, ambako shirika la misaada la KOICA limekuwa likiwafadhili maofisa wa uvuvi kutoka nchi za Afrika. Ofisa wa bandari ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, au mtaalamu wa samaki wa Zanzibar au Kisumu, akichagua Seoul kwa sababu ya jina lake tu, nitamshangaa.

Watu wa pwani wana sababu nyingine tena ya kuipenda Busan, nayo ni tumbo. Nenda soko la Jagalchi asubuhi. Wauzaji wengi ni wanawake wa makamo na bibi, wamevaa mabuti ya mpira na aproni za plastiki, wanaita wateja kwa sauti ambayo mgeni hudhani ni ugomvi. Kwenye mabeseni ya maji yanayobubujika kuna pweza wazima, ngisi, kamba, samaki bapa wa aina zote. Unachagua, anapimwa, anachunwa mbele yako, kisha unapanda naye ghorofani ambako watu wengine watakuandalia meza, majani na michuzi kwa malipo ya pembeni. Ukitaka akaangwe au achomwe badala ya kuliwa mbichi, sema mapema, maana huku mbichi ndiyo heshima. Ukiogopa hayo yote, tafuta godeungeo, ndugu mkubwa wa vibua, aliyepakwa chumvi na kuchomwa. Jiji limemfanya kuwa samaki wake rasmi. Kwa mtu aliyelelewa Pemba au Lamu, sahani hiyo haihitaji maelezo. Mwislamu lakini awe macho, kwa kuwa chakula ambacho Busan inajivunia kuliko vyote ni supu ya nguruwe na wali, dwaeji gukbap, na harufu yake imejaa mitaani.

Kwa dini na jamii, Seoul ina uzito zaidi. Msikiti Mkuu wa Seoul ulifunguliwa mwaka 1976 juu ya kilima cha Itaewon, na mtaa unaoshuka kutoka langoni una bucha za halali, maduka ya viungo na mawakala wa safari. Hatua chache kutoka hapo kuna maduka ya Waafrika, wengi wao Wanigeria na Waghana, na anayetamani unga wa mahindi, mihogo au mafuta ya mawese hapotei. Busan ina msikiti wa Al-Fatah tangu mwaka 1980, upande wa kaskazini karibu na kituo cha Dusil, unafikika kwa treni, lakini mtaa unaouzunguka ni wa Kikorea. Mkabala na stesheni ya Busan kuna vichochoro vya zamani vya mabaharia vyenye mabango ya Kirusi na Kichina. Ni vya kutembelea, si vya kutafutia unga. Na ukisikia Mkorea anakusalimu kwa Kiswahili fasaha, huenda alipita Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, ambacho kimekuwa kikifundisha lugha hii kwa miongo kadhaa. Idara hiyo iko kampasi ya Yongin, kusini mwa Seoul.

Lugha ya Wakorea wenyewe pia inagawanyika. Darasani utafundishwa Kikorea sanifu, cha Seoul. Busan wana lafudhi yao ya kupanda na kushuka na maneno yanayokatwa mafupi, na mwanafunzi aliyefaulu daraja la tatu la mtihani wa TOPIK anaweza kusimama sokoni asielewe kitu. Wenyeji wa Busan husemwa kuwa wakali wa sauti na wepesi wa moyo, wa Seoul wapole wa sauti na wagumu kuzoeleka. Ni maneno ya jumla kama yote ya aina hiyo, ila mzee wa Busan hana haya kukuuliza umetoka wapi, umeoa, unakula vizuri. Mwenzetu aliyezoea maswali hayo nyumbani hujisikia yuko kwa watu.

Hali ya hewa sina haja ya kuirefusha. Januari Seoul hushuka hadi kumi chini ya sifuri na wakati mwingine zaidi. Busan usiku hucheza kwenye sifuri, mchana jua hutoka, na theluji ni nadra. Lakini vimbunga huifikia Busan kwanza: kile cha Maemi, Septemba 2003, kiliangusha kreni kubwa za bandari. Na jiji lenyewe ni milima iliyotumbukia baharini. Wakati wa Vita vya Korea, kati ya mwaka 1950 na 1953, Busan ilikuwa makao makuu ya muda ya serikali, na wakimbizi walijenga vibanda vyao kwenye miteremko. Mitaa hiyo ipo bado. Gamcheon wameipaka rangi watalii wanapiga picha, lakini Choryang imebaki na ngazi zake 168 zinazopanda mlima. Chumba cha bei rahisi Busan mara nyingi kiko juu huko, kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba panda mwenyewe kwa miguu kutoka kituoni. Seoul inakusamehe zaidi kwa usafiri. Reli zake za chini ya ardhi, zilizoanza mwaka 1974, zinafika karibu kila mtaa. Busan ina njia nne na reli ndogo za nyongeza, na kwa kuwa jiji limejinyoosha kati ya vilima na maji, kutoka Haeundae mashariki hadi Saha magharibi ni zaidi ya saa nzima.

Ningeulizwa na mdogo wangu mwenye ufadhili kamili, ningempeleka Busan bila kusita: posho ileile itampa dirisha na akiba. Angekuwa amekuja kwa pesa yake, anategemea vibarua vya jioni na kujuana na watu ili apate kazi, ningemwambia avumilie gosiwon ya Seoul mwaka wa kwanza. Ila Waafrika wengi wanaofanya kazi Korea hawaishi katika jiji lolote kati ya hayo mawili. Wako Ansan, Pocheon, Dongducheon, miji ya viwanda na kambi za zamani za Wamarekani huko Gyeonggi, ambako kodi ni kama ya Busan na Itaewon iko mwisho wa safari ya Jumapili.